Tundu la Lango

Hakuwa na meza. Hakuwa na cheti, kwa sababu cheti kilibaki ndani ya sanduku, sanduku likabaki ndani ya nyumba, na nyumba ikabaki na moto. Hakuwa na mke. Mke alibaki kando ya barabara ambayo leo asingeweza kumwonyesha mtu. Hakuwa na kitabu cha mwalimu chenye majibu nyuma, hakuwa na viatu vya mvua, hakuwa na mtu wa kumwita kwa jina lake la utotoni. Na tangu afike kambini hakuwa na hasira wala hamu wala machozi. Ukimletea habari njema, aliitikia "sawa." Ukimletea habari ya msiba, aliitikia "sawa," kisha akauliza mazishi ni lini.

Kitu ambacho hakupungukiwa ni fimbo. Fimbo zilikuwa tele.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi ya kambi ya wakimbizi, naye mkimbizi kama wanafunzi wake, kama mwalimu mkuu, kama fundi aliyepigilia mabati ya madarasa. Watoto walikaa chini wamebanana kama njiti za kiberiti, na wale wa nyuma kabisa hawakuona ubao, waliona visogo. Walimpa jina la Mashine. Si kwamba alikuwa mkali. Walimu wakali walikuwepo, wale wa kufoka mpaka mate yanaruka, na watoto waliwajulia: akikunja uso unakaa mbali, akicheka unapumua. Huyu hakukunja uso wala hakucheka. Fimbo yake ilipanda na kushuka sawasawa, kama mpini wa pampu ya kisima, na alipomaliza alisema, "Anayefuata."

Mwaka uliotangulia walikuja watu wa semina. Walikaa na walimu siku kadhaa, wakawagawia madaftari na soda, wakawafundisha namna ya kumrekebisha mtoto bila kumpiga: kumsikiliza, kuzungumza naye, kumpa jukumu. Mwishoni walibandika bango katika kila chumba: DARASA HILI HALINA FIMBO. Walimu wakapiga makofi. Wageni wakapanda gari, vumbi likatua, na kesho yake watoto walikuwa walewale na wingi wao uleule.

"Eti nimsikilize kila mmoja," alisema mwalimu wa sayansi, mama wa makamo ambaye shule nzima ilimwita Bi Sayansi. "Nikianza leo asubuhi, huyo wa mwisho nitamsikiliza akiwa na wajukuu."

Walimu wakacheka. Lakini bango ni bango, na mwenye gari anaweza kurudi wakati wowote. Ndipo mwalimu wa hesabu alipotoa wazo.

Lango la shule lilikuwa la mabati, na katikati yake fundi alikuwa amekata tundu la mraba ili mtu aweze kupitisha mkono na kufunga kufuli akiwa upande wowote. Wazo lake lilikuwa hili: wanaochelewa wasiingie. Wabaki nje, kila mmoja apitishe mkono tunduni, apokee fimbo zake tatu, kisha azunguke na kuingilia kwenye pengo la uzio karibu na vyoo. Kwa njia hiyo darasani hapana fimbo, kama bango linavyosema. Mtoto haaibiki mbele ya wenzake. Na mwalimu naye haoni uso. Maana kila mwalimu alijua, ingawa hakuna aliyependa kulitamka, kwamba uso ndio unaolegeza mkono.

"Hiyo ni huruma," alisema mwalimu mkuu, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huruma yenye akili."

"Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka," Bi Sayansi akadakia. "Hawakuliona tundu letu."

Wakakubaliana, na zamu zikapangwa. Hakuna aliyeona ubaya. Waliona wamepiga hatua.

Nyumbani kwake palikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa blanketi. Upande huu alilala yeye, upande wa pili alilala mama mkwe wake pamoja na binti yake. Mama mkwe alikuwa amebakiwa na meno machache na maneno mengi. Binti alikuwa darasa la mwisho. Mtihani wa kumaliza ulikuwa umekaribia, na katika darasa lote yeye ndiye aliyetarajiwa kupata nafasi ya sekondari, nje ya kambi, katika shule yenye madirisha ya vioo. Baba yake alimwita "mama," kama baba wengi wanavyowaita binti zao, na kwa kweli ndiye aliyekuwa mama wa chumba kile. Ndiye aliyewasha moto. Ndiye aliyebeba dumu kwenda bombani alfajiri, ili baba apate maji ya kuoga na bibi apate ya kunywea dawa.

Wiki ile zamu ya lango ilikuwa ya mwalimu. Wiki hiyohiyo bomba la mtaa wao lilipasuka, mitaa miwili ikawa inategemea bomba moja, na foleni ya madumu ikapinda mpaka nyuma ya ghala la chakula. Mwalimu hakujua. Mwenye zamu huondoka mapema kupiga kengele, yaani ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, na maji ya kuoga alikuwa ameyakuta tayari kwenye ndoo, kama kila siku. Yalikuwa ya jana yake. Hakuuliza.

Akapiga kengele, akafunga lango, akasimama kando ya tundu.

Siku hiyo mikono ilikuwa mingi. Iliingia mmoja baada ya mwingine, viganja juu, yote imelowa na kukunjamana vidoleni, kama mikono iliyokaa majini. Aliona kwamba imelowa. Hakujiuliza kwa nini. Fimbo ilipanda, ikashuka. Mikono mingine ilichomoka kabla ya kumaliziwa, ikabidi aiite irudi. Mingine ilitetemeka. Mmoja tu haukufanya hivyo: uliingia, ukapokea, ukashuka kidogo kwa maumivu, kisha ukarudi palepale ulipokuwa. Fimbo ya mwisho haikupiga kiganja barabara, iliangukia vidole, na bado mkono ule haukukimbia. Ulijikunja polepole na kuondoka.

Alikumbuka baadaye kwamba wakati ule aliwaza jambo. Aliwaza: huyu amelelewa, huyu ana wazazi.

"Anayefuata," akasema.

Jioni walikaa kula. Binti alipakua kwa mkono wa kushoto, akaketi, akaanza kula kwa mkono uleule.

"Haya, makubwa," bibi akasema. "Tangu lini humu ndani tuna mtu wa kushoto? Mama yako alikuzaa na mikono miwili, niliihesabu mwenyewe."

"Nimechoka tu, bibi."

"Mkono unachoka peke yake? Ulikwenda wapi bila wewe?"

Mwalimu akainua macho. "Una nini, mama?"

"Niliteleza bombani."

"Sawa," akasema, akaendelea kula.

Asubuhi kidole kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi, na bibi, ambaye alikuwa amekishika na kukinusa na kukisomea, alitoka nyuma ya blanketi na kusimama mbele ya mkwewe. "Mpeleke mtoto zahanati. Usiniambie sawa. Nenda."

Mwalimu akamwomba Bi Sayansi amshikie zamu siku hiyo, akaenda. Muuguzi alikuwa kijana aliyesema kwa sauti ya chini. Alikipapasa kidole, binti akafumba macho. Mfupa ulikuwa umepata ufa. Akakifunga kwenye kibao chembamba, akazungusha bendeji mpaka kiganja chote kikapotea.

"Umesema uliteleza?"

"Ndiyo."

"Ukaangukia kiganja kikiwa wazi, ukapata mistari mitatu." Muuguzi hakuwa akimtazama binti tena. "Mzee, wiki hii peke yake nimefunga vidole vinne vya namna hii. Sheria inanitaka niandike. Ofisi ya elimu itaiuliza shule, na shule itajibu."

Walirudi kwa miguu, baba mbele, binti nyuma. Walipofika kwenye njia ya katikati ya mahema, pasipo na watu, baba akasimama.

"Ni nani?"

Binti alitazama bendeji. "Ilikuwa zamu yako, baba."

Mahali pengine, katika kisa kingine, hapa mtu angepiga magoti. Yeye alisimama tu. Alisikia redio ya mtu ikiimba ndani ya hema. Aliona kamba ya nguo imelegea, akafikiri mwenye nguo angeikaza kabla hazijagusa vumbi. Alijitafuta ndani, kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo, na hakukuta kitu.

"Mbona hukuniita?" akauliza mwishowe. "Ungesema ni mimi."

"Ningesema ni mimi, ungeniachia."

"Ningekuachia, ndiyo."

"Halafu ungempiga aliye nyuma yangu." Alisema bila lawama, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda sokoni. "Wangeniitaje, baba? Tayari wananiita Mtoto wa Mashine."

Hakujua kwamba anaitwa hivyo. Alijua lake tu.

"Mtihani umekaribia," akasema. "Kidole kitapona. Pumzika siku mbili, kisha urudi darasani."

"Sirudi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lile tundu lizibwe."

Bibi alipoelezwa hakupiga kelele, na hilo lilikuwa jambo geni. Aliendelea kuchambua mchele, akitupa kokoto nje ya mlango. Kisha akasema, "Baba wee, mimi nilikukabidhi mtoto mmoja ukanirudishia habari. Huyu usinirudishie habari."

"Sawa, mama."

"Na hiyo sawa yako, siku moja nitaikaanga nikulishe."

Mchana alikwenda kwa mwalimu mkuu. Ofisi ilikuwa kona ya ghala la vitabu, meza yake mbao za makreti. Mkuu alikuwa mtu mwema, tena ndiye aliyemwamini na kumpa kazi bila cheti, kwa kumtazama tu akikokotoa ubaoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaguna, akamsogezea kiti.

"Pole, ndugu yangu. Pole sana. Hata kinyozi hujikata." Akasubiri kuona kama mwenzake atatabasamu. "Sasa sikiliza. Huyo muuguzi hakukawia, barua ya ofisi imeshafika, wanataka maelezo ya vidole vyote vinne. Mtoto mwenyewe amesema nini?"

"Amesema aliteleza bombani."

"Basi! Mtoto ana akili kuliko sisi. Andika hivyohivyo. Wewe ndiye mwenye mwandiko, barua zote za shule hii umeandika wewe. Kalamu yako, mhuri wangu, yamekwisha."

"Na wale wengine watatu?"

"Nao wachota maji vilevile. Bomba linateleza, nani hajui?" Mkuu akashusha sauti. "Ukiandika vingine wanakuondoa kesho. Mimi watanihoji, nitajitetea, lakini wewe wanakuondoa. Na nani atakuja mahali pako? Kijana asiyejua sehemu wala desimali, na fimbo atakayokuja nayo ni kubwa kuliko yako. Umewasaidia nini watoto?"

Hoja ilikuwa na uzito, na mwalimu wa hesabu alizoea kupima hoja. "Na tundu?"

"Tundu la nini?"

"La lango. Lizibwe."

"Sasa kufuli tutafungaje, ndugu yangu?" Mkuu akacheka kwa upole na kumpigapiga begani. "Barua nipate kabla ya mwisho wa wiki."

"Sawa," akasema.

Kesho yake alipiga kengele kama kawaida. Lakini hakufunga lango. Alilisukuma bawa moja mpaka likagusa uzio, akaliegemeza jiwe, akasukuma na la pili. Hakuwa na mpango. Aliwaza tu kwamba lango likiwa wazi hakuna tundu, na pasipo na tundu neno la binti yake limetimia, na atarudi kusoma. Fimbo alikuwa nayo mkononi, kwa mazoea, kama mzee na bakora.

Wachelewaji wakaja mbiombio, wakaona lango wazi, wakapunguza mwendo. Wakasimama. Njia ilikuwa nyeupe mbele yao, pana kiasi cha kupita lori. Hakuna aliyepita. Walijipanga mstari, na wa kwanza, mtoto mdogo wa darasa la pili mwenye sweta la mtu mzima, alisogea mpaka pale ambapo bati lingekuwapo, akakunja mkono wa sweta, akaunyoosha mkono wake hewani, kiganja juu. Akageuza uso pembeni na kufumba macho.

"Piteni," mwalimu akasema.

Hawakupita.

"Nimesema piteni. Nendeni madarasani."

Mkono wa mtoto ulibaki palepale. Nyuma yake wengine nao walikuwa wamekwisha kunja mikono ya nguo zao.

Bi Sayansi alitoka darasani kuona kuna nini. Alisimama kando ya mwenzake, akatazama ule mstari, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha tayari. "Mwalimu," akasema taratibu, "wanakungoja umalize."

Akaiweka fimbo chini. Ilipogusa ardhi ilitoa sauti, na mabega ya mtoto yakaruka. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa yule mtoto. Ulikuwa uso wa kawaida: kamasi kidogo, nyusi hafifu, kovu juu ya mdomo. Alikuwa hajawahi kuuona, na bila shaka alikuwa amewahi kuupiga mkono wake.

"Umechelewa kwa nini?"

Mtoto akafumbua jicho moja. Swali lile hakulitegemea. "Bomba," akasema.

"Na wewe?"

"Bomba."

"Bomba, mwalimu."

"Mimi mdogo wangu anaharisha. Halafu bomba."

Akapita mstari mzima akiuliza, na mstari mzima ukamjibu, na haikuchukua muda wa kuimba hata nusu ya wimbo wa shule. Kisha akaushusha mkono wa yule wa kwanza kwa mkono wake, kama mtu anayeteremsha kitu kutoka rafuni. Ulikuwa baridi, umelowa. Hapo ndipo mtoto alipokubali kupita, na wengine wakamfuata, wakitembea upandeupande ili wasimpe mgongo.

"Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi," Bi Sayansi alisema, akiwatazama. "Tumekunja kweli." Akarudi darasani kwake.

Fimbo ilibaki chini. Alipotoka kazini ilikuwa palepale, akaipita.

Nyumbani aligeuza ndoo, akaweka ubao juu yake, akaketi kuandika wakati jua bado liko. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, ule uliomfanya apendwe na wakuu. Kwamba yeye, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyempiga mwanafunzi mmoja wa darasa la mwisho na kumvunja kidole. Kwamba mwanafunzi huyo ni binti yake, jambo ambalo halipunguzi wala haliongezi. Kwamba tundu la lango lilikuwa wazo lake yeye, na walimu wenzake walilikubali wakidhani ni jema. Kwamba watoto wanachelewa kwa sababu bomba la mtaa wao limepasuka, na hakuna aliyewauliza. Aliomba mambo mawili: tundu lizibwe na kufuli ifungwe kwa namna nyingine, na wenye watoto wa shule wapewe nafasi ya mbele kwenye foleni ya maji, au kengele isogezwe mbele. Mhuri wa shule hakuuomba.

Alipomaliza akampa binti yake. Alisoma akiwa amesimama, karatasi ameishika kwa mkono wa kushoto, bendeji imening'inia kando.

"Umeandika mwanafunzi mmoja," akasema.

"Wewe."

"Tulikuwa wengi, baba."

Akaichukua karatasi. Kisha akachukua nyingine nyeupe na kuanza upya kutoka juu, kwa sababu barua ya namna hiyo haiendi na mstari uliofutwa. Safari hii aliandika wanafunzi wote waliopita kwenye tundu katika zamu zake, ambao majina yao hakuyajua kwa kuwa hakuwaona nyuso.

"Watakufukuza?" binti akauliza.

"Nadhani."

"Utafanya kazi gani?"

"Sijui."

"Anajua kuchota maji?" bibi akauliza kutoka upande wa pili wa blanketi. "Foleni ipo. Mtoto asome, yeye akapange dumu."

Gundi hawakuwa nayo. Bibi alikoroga unga kidogo na maji ya moto kwenye kifuniko, akaukoroga mpaka ukavuta, akausogeza bila neno. Mwalimu aliikunja barua, akaitia ndani ya bahasha aliyoitengeneza kwa karatasi ya daftari, akapaka ule uji kwa kidole kwenye ukingo. Akafunga. Akaibonyeza kwa kiganja mpaka aliposadiki imeshika.

Walikwenda wawili. Nje ya ofisi ya elimu palikuwa na sanduku la bati limepigiliwa kwenye nguzo, na mbele yake mpasuo mwembamba wa kuingizia barua. Ofisi ilikuwa imefungwa, mlinzi alikuwa mbali akiongea na mwuza vocha. Mwalimu aliitia bahasha kwenye mpasuo. Unga ulikuwa umeifanya nene, ikakwama katikati.

"Sukuma, baba," binti akasema.

Akasukuma. Ilibidi vidole navyo viingie, mpaka kwenye vifundo, na bati lilikuwa halijalainishwa kingo. Lilikwaruza. Alilisikia likikwaruza, na hakuutoa mkono mpaka bahasha ilipodondoka chini, ndani ya sanduku tupu.